Reli ya kisasa ifike Kigoma na vitanda vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nimjibu mwenzangu ambaye hivi karibuni alishauri kwamba, mara reli ya kisasa itakapofika Tabora, Mwanza na Kigoma, treni ya zamani ya Reli ya Kati iondolewe na mabehewa yake ya kulala yauzwe kama chuma chakavu, kwa hoja kwamba zama za abiria kulala njiani zimekwisha. Barua yake niliisoma mara mbili. Sehemu inayohusu kasi sina ugomvi nayo. Tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro mwezi Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, nimeipanda mara kadhaa, na mtu aliyewahi kukaa ndani ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, huku foleni za Kibaha na Chalinze zikimsubiri, hawezi kuidharau safari inayokwisha kwa saa nne hivi au pungufu yake. Ninachopinga ni hilo la vitanda.

Mimi ni mtoto wa Nguruka, kituo kilichopo kati ya Kaliua na Uvinza, ambako enzi zetu mtu hakuulizwa ataondoka saa ngapi bali ataondoka na treni ya siku gani. Mwaka 1981 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni mkoani Morogoro, na kwa miaka minne nilikwenda na kurudi kwa waranti ya shule, yaani hati ya kusafiria bila kulipa nauli. Nilipoajiriwa kuwa mwalimu nilipangiwa Dar es Salaam, wazazi wakabaki Nguruka, na safari zikaendelea hadi nilipostaafu. Kwa hiyo habari za treni ya usiku ninazoandika hapa sikusimuliwa.

Wakati wa likizo treni ya kuelekea bara ilitufikia Morogoro karibu na usiku wa manane. Wanafunzi tulikuwa tumekwisha kupanga mabegi yetu sakafuni stesheni, wengine wamelala juu yake. Kwanza ungeona taa moja mbali, ndipo ardhi ikaanza kutetemeka kidogo chini ya miguu, kisha kila mtu akaanza kuita jina la mwenzake. Kutoka hapo hadi Kilosa, na kutoka Kilosa kupita Kidete na Gulwe, reli hufuatana na mto Mkondoa gizani, na ukiwa umelala kitanda cha juu huuoni mto, unasikia tu mlio wa magurudumu ukibadilika kila treni inapopita juu ya daraja. Kulipokucha tulikuwa tunaikaribia Dodoma, na baridi ya asubuhi ya Ugogo iliingia kupitia dirisha lililofunguliwa na mtu asiyejali usingizi wa wenzake. Adhuhuri tulikuwa Saranda, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako kina mama waliisubiri treni na sahani za wali na kuku zilizofunikwa, wakipokea pesa dirishani na kukimbia na chenji kabla kichwa cha treni hakijaanza kuupanda ukingo kwenda Manyoni. Itigi ilikuwa ni asali. Tabora tuliingia jua likiwa limezama.

Tabora ndipo reli inapogawanyika, na ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu hapo niliwahi kufanya ujinga ambao nyumbani kwetu unasimuliwa hadi leo. Mabehewa yaliyotoka Dar es Salaam kama treni moja hukatwa na kupangwa upya, haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, na kazi hiyo huchukua muda, behewa likisukumwa huku na kule hata usijue kama unaondoka au unarudi. Mimi, nikiwa kidato cha pili, niliacha sanduku langu la bati katika behewa la Kigoma nikahamia behewa la Mwanza kumalizia mchezo wa karata na mwanafunzi mwenzangu wa Shinyanga. Treni iliposogea nilidhani bado mabehewa yanapangwa. Yaliposogea tena sikujali, maana nilikuwa na karata nzuri mkononi. Baadaye nikasinzia. Nilipozinduka tulikuwa Bukene, kaskazini mwa Tabora, na sanduku langu lilikuwa kwenye reli nyingine likielekea magharibi bila mimi.

Stesheni masta wa Bukene alinisikiliza, akacheka, akanionyesha benchi la kulalia, na kesho yake akanikabidhi kwa gadi, yaani msimamizi wa safari, wa treni iliyokuwa inarudi Tabora. Nilifika nyumbani siku tatu baadaye, mikono mitupu, nikiwa nimejiandaa kwa kiboko. Sanduku lilikuwa limenitangulia. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, ambaye tulikuwa tumekaa naye chumba jirani tangu Dodoma na ambaye nilikuwa nimemtajia kituo changu mara moja tu, alilishusha kwa dirisha pale Nguruka saa saba usiku na kumkabidhi stesheni masta pamoja na maelezo kwamba mwenyewe ni kijana mrefu mwenye kofia ya kijani. Baba hakunichapa. Alisema tu kwamba sanduku lina akili kuliko mwenye nalo, kwa sababu lenyewe lilijua kushuka Nguruka.

Simulizi hii, Ndugu Mhariri, nimeileta kwa sababu mwenzangu aliandika kana kwamba usiku ndani ya treni ni saa zilizopotea, za kupunguzwa hadi ziishe. Mwenye uzoefu wa daraja la pili kulala, lile la vyumba vya vitanda sita, anajua kwamba usiku ule ulikuwa na utaratibu wake. Wanaume walikuwa na vyumba vyao na wanawake vyao, isipokuwa familia iliyokata tiketi za chumba kizima. Kitanda cha kati hakikushushwa hadi wote waliokaa chini wakubali kwamba sasa ni muda wa kulala, na aliyekuwa na usingizi wa mapema alilazimika kuomba. Wazoefu walisafiri na kipande cha ubao cha kukazia dirisha usiku ili mkono wa mwizi usiingie kituoni, na asiye na ubao aliazimwa wa jirani. Chakula hakikuliwa na mtu mmoja. Ukifungua kifurushi chako cha mihogo ulitazama kushoto na kulia kwanza. Katika vyumba hivyo nilikutana na Wakongo wa Kalemie na Uvira waliokuwa wanarudi kwao kupitia Kigoma na ziwa, wakizungumza Kiswahili chao ambacho kwa masikio ya mwanafunzi wa Morogoro kilikuwa kigeni na kitamu, na kwao nilijifunza jiografia ya Ziwa Tanganyika kuliko nilivyoipata darasani.

Naweza kuambiwa kwamba hayo ni mapenzi ya mzee kwa ujana wake. Inawezekana. Basi tuyaache, tuchukue kalamu na karatasi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ni takriban kilomita 1,250. Hadi Mwanza, kwa reli ya kisasa inayojengwa, ni kilomita 1,219. Treni ya umeme imesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa, lakini hakuna treni inayokwenda kasi yake ya juu mwanzo hadi mwisho. Kuna vituo, kuna kona na kuna milima. Tukiiwekea wastani wa kilomita 120 kwa saa, ambao si haba, safari ya Kigoma ni ya saa kumi na nusu, nayo ya Mwanza haipungui saa kumi. Mabehewa yanayotembea leo kwenye reli ya kisasa ni ya kukaa, kuanzia daraja la kawaida hadi yale ya bei kubwa, na kwa safari ya Dodoma yanatosha kabisa. Kwa saa kumi na nusu ni jambo jingine. Treni ikiondoka saa kumi na mbili asubuhi, abiria amefika Kigoma karibu saa kumi na moja jioni, ofisi zimefungwa na siku imekwisha. Ikiondoka saa mbili usiku na abiria amekaa kwenye kiti, atafika karibu saa moja asubuhi miguu imevimba na shingo haigeuki. Ikiondoka saa hiyohiyo ya usiku na abiria amelala kwenye kitanda, atashuka asubuhi amenawa uso, atafanya shughuli yake mchana, na akitaka atarudi usiku huohuo bila kulipia gesti. Kasi ya treni ya umeme itaifanya safari ya Kigoma itoshe ndani ya usiku mmoja kwa mara ya kwanza tangu reli ifike ziwani, na sasa ndipo tunashauriwa kutupa vitanda!

Yupo pia mgonjwa. Kila mtu wa mikoa ya magharibi anamjua ndugu aliyepewa rufaa kwenda Muhimbili au Bugando, na anajua maana ya kumkalisha mtu aliyepasuliwa kwenye kiti cha basi usiku kucha. Mwaka 1996 nilimleta mama yangu Dar es Salaam katika kitanda cha chini cha daraja la pili, mimi nikiwa cha juu yake, na kila aliponyoosha mkono nilikuwa naugusa. Sijui ningemletaje vinginevyo.

Vijana wanaweza wasikumbuke kwamba kwa miaka mingi mabasi ya abiria katika nchi hii hayakuruhusiwa kusafiri usiku, kwa sababu ya ajali, hadi ruhusa iliporejeshwa mwaka 2023. Katika miaka hiyo yote, ilipofika saa ya mwisho iliyoruhusiwa, basi lilitafuta pa kulala na abiria wakalala juu ya mizigo yao, ilhali treni ilikuwa inatembea. Sasa mabasi yametoka tena usiku, na sina haja ya kuyasema vibaya, lakini dereva wa basi akisinzia hakuna reli inayomshika. Treni nayo ina majanga yake, na siwezi kuisifia bila kuyataja. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Kwa hiyo ninapoomba vitanda naomba pamoja navyo breki zinazokaguliwa, mawasiliano yasiyokatika na wafanyakazi waliopumzika, na sidhani kama kuna abiria wa Reli ya Kati wa umri wangu anayeweza kuomba kimoja akaacha vingine.

Mwenzangu alitolea mfano nchi zilizoendelea, kwamba huko treni za usiku zimezikwa na treni za kasi. Mfano huo umepitwa na wakati. Ni kweli kwamba Ujerumani iliacha kuendesha mabehewa yake ya kulala mwezi Desemba 2016, lakini shirika la reli la Austria liliyanunua baadhi ya mabehewa hayohayo, likachukua sehemu ya njia zake na kuziendesha kwa jina la Nightjet, na tangu hapo limeagiza na treni mpya za kulala kutoka kiwandani. Wao wana barabara nzuri na ndege za bei nafuu, na bado wameona mtu aliyelala ana faida kuliko mtu aliyekaa. Karibu zaidi na sisi, Kenya ilisimamisha treni yake ya zamani ya usiku ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, reli mpya ilipoanza. Njia ile ni ya kilomita zisizofika 500 na treni mpya huimaliza kwa saa tano au sita, kwa hiyo kitanda kinaweza kukosekana bila mtu kuugua. Lakini tazama walivyofanya kwa Kisumu, ambako reli mpya haijafika: mwezi Desemba 2021 walirudisha treni ya usiku kwenye reli ileile ya mkoloni, na watu wakaijaza. Kigoma na Mwanza zinafanana na Mombasa kwa lipi, ikiwa umbali wake ni zaidi ya mara mbili?

Limebaki suala la vituo vidogo, na hapa nakiri kwamba hoja ya mwenzangu ina uzito. Treni ya kasi haiwezi kusimama kila penye mwembe. Ikisimama Goweko, Igalula, Usinge na Malagarasi haitakuwa ya kasi tena, na mimi sidai hivyo. Ndiyo sababu naona treni ya zamani ibaki hata ikiwa mara mbili kwa wiki, isimame vituoni kama ilivyozoea, imchukue mwenye debe la mawese na mwenye tenga la samaki wa kukausha, ambao kwenye treni ya umeme wataonekana ni kero, na kwa haki, maana zulia la behewa jipya halikuwekwa kwa ajili ya samaki wa Malagarasi. Wapo watakaouliza fedha za kuendesha reli mbili zitatoka wapi. Reli ya zamani haikai bure. Inabeba mizigo, na kipande chake cha Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, kimekarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ambao tutaulipa iwe treni ya abiria inapita au haipiti. Kuongeza mabehewa machache ya abiria juu ya reli ambayo tayari imelipiwa si sawa na kuanza upya.

Nguruka yenyewe ni ushahidi wa kile ninachokisema. Treni ya kwenda Kigoma ilikuwa ikipita saa saba usiku, na mji mzima uliamka. Kina mama walipanga samaki wao kando ya reli kwa mwanga wa koroboi, mstari mrefu wa moto mdogomdogo ambao abiria aliyefungua dirisha aliudhani ni kijiji kilicho mbali, hadi mwanga mmoja uliponyanyuka na kumsogelea usoni pamoja na sauti ya kutaja bei. Dakika ishirini, pengine nusu saa, kisha gadi akapunga taa yake ya kijani na biashara ya siku tatu ikawa imekwisha. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mstari ule. Nyumba kadhaa za bati unazoziona Nguruka leo zilitoka hapohapo. Sijasikia mpango wowote unaosema mstari ule utahamia wapi treni ya zamani ikiondolewa, na ningefurahi sana kama mhusika yeyote angeueleza katika gazeti lako.

Kwa wanaopanga na kuagiza mabehewa, nina ombi dogo la mtu aliyelala mara nyingi katika treni. Kabla oda ya mabehewa ya Kigoma na Mwanza haijafungwa, waweke ndani yake ya kulala, yawe hata mawili au matatu kwa kila treni ya usiku, vyumba vya vitanda vinne vikitosha, na wanawake watengewe vyao kama zamani. Vitanda vya chini wapewe wagonjwa, wajawazito na wazee kabla ya mwenye pesa nyingi. Taa ya kila kitanda iwe na swichi yake, ili anayesoma asigombane na anayelala. Na ngazi ya kitanda cha juu iwe imara yenye vishikio pande zote mbili, kwa kuwa magoti yangu si yale ya 1981, na kitanda cha juu bado ndicho nitakachokiomba dirishani pa tiketi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam.